Angekuwa Anaumwa Angelia

Mwanamume aliyeketi mbele yangu katika chumba cha kusubiria kwa daktari wa mifugo alikuwa na mbwa mdogo, wa miezi saba au minane hivi, ambaye masikio yake yalikuwa yametangulia kukua kuliko kichwa. Walikuwa wamekuja kuchukua dawa ya minyoo. Mbwa alikaa, lakini kwa kuegemea paja moja, mguu wa nyuma ukiwa umetupwa pembeni kama kitu kisicho chake. Na alipoitwa asogee aliinuka kwa kujivuta kwa miguu ya mbele, kisha akatembea huku kiuno kikiyumba kushoto na kulia. Mwenye mbwa aliona kwamba nimeona.

"Ndivyo alivyo, dada," akaniambia kwa upole. "Mzito kidogo kuinuka. Lakini haumwi. Angekuwa anaumwa angelia."

Kabla sijapata maneno ya kumjibu, jina la Jabali, mbwa wangu, likaitwa, nasi tukaingia ndani. Tulipotoka, kiti chake kilikuwa kitupu.

Yapata wiki sita sasa, na bado sijaweza kulitua jambo hilo.

Sentensi yangu mwenyewe

Kilichoniziba mdomo si jina la mbwa wangu kuitwa. Ni kwamba maneno yale niliyajua, neno kwa neno, kwa sababu yalikuwa yangu.

Miaka miwili iliyopita binti wa kaka yangu, aliyekuwa na umri wa miaka saba, alilala kwangu. Asubuhi alikaa sakafuni akimtazama Jabali, na watoto wana subira ya kutazama jambo moja ambayo sisi tumeipoteza. "Shangazi," aliniuliza, "mbona Jabali anaanza kuamka halafu anaacha?" Nilimwambia kwamba bado ana usingizi. "Anaumwa?" "Hapana, mwanangu. Angekuwa anaumwa angelia."

Hakubisha. Aliendelea tu kumtazama.

Nami, kwa aibu ya kumwona mtoto akitazama nisichokitazama, nikaanza kuangalia. Ndani ya juma moja niliona mambo ambayo yalikuwa mbele ya macho yangu kwa miezi mingi: ngazi alizozipanda kwa kuirusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja, kama sungura, mapaja yaliyokuwa yamekonda huku kifua na mabega vikizidi kutanuka, kwa kuwa alikuwa amehamishia uzito wake mbele, na namna alivyosimama kando ya gari akingoja kupandishwa, jambo ambalo nilikuwa nimelipa jina la adabu. Alikuwa na miaka mitano tu, na tayari nilikuwa nimezoea kumwita mzee mtulivu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini walikuwa wakimsema binadamu, ambaye ana hiari ya kusema. Mbwa hana hiari hiyo. Hulia anapokanyagwa mkia au anapochomwa na mwiba, kwa sababu hayo ni maumivu yanayokuja mara moja na kumshtua. Maumivu ya kiungo kinachochakaa huja polepole sana hata mnyama akayapangia maisha yake upya: anaacha kuruka hapa, anapita njia ndefu pale, analala mahali palipo karibu zaidi na maji. Hakuna siku hata moja ambayo unaweza kuinyooshea kidole ukasema kwamba leo ndipo alipoanza kuumwa. Ukingoja kilio, utangoja hadi mnyama awe ameshapoteza nusu ya mambo aliyokuwa akiyapenda.

Picha, na mbwa mwenyewe

Displasia ya nyonga, ugonjwa ambao daktari alimkuta nao Jabali, ni jina refu la jambo linaloelezeka kwa mikono miwili. Kunja ngumi ya mkono mmoja, uipakate kwa kiganja cha mwingine: ngumi ni kichwa cha mfupa wa paja, kiganja ni tundu la nyonga. Mtoto wa mbwa huzaliwa ngumi na kiganja vikiwa sawa. Ni katika miezi ya kwanza ya kukua, kwa yule aliyerithi ulegevu, ndipo ngumi inapoanza kucheza ndani ya kiganja, kiganja kikakosa kina, ngumi ikabapa, na gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, lililopaswa kuzifanya zielee moja juu ya nyingine likaanza kulika.

Usiku wa siku ile Jabali alipopigwa eksirei nilisoma maelezo ya ugonjwa huu yaliyotolewa mwaka 1966 na watafiti wa Sweden, Henricson, Norberg na Olsson, ambayo mpaka leo madaktari huyarejelea. Wao walisema kwamba ulegevu huo mwishowe huleta uchakavu wa kiungo, na kwamba mwisho huo hauepukiki. Neno hilo la mwisho lilininyima usingizi.

Daktari ndiye aliyenirudisha kwa mbwa wangu. Aliiweka picha kwenye mwanga na kunionyesha kwamba nyonga ya kushoto ilikuwa imeharibika zaidi. Kisha akapiga magoti sakafuni, akaunyoosha mguu wa kushoto nyuma taratibu, na Jabali akatulia; akaunyoosha wa kulia, na Jabali akageuza kichwa, akaramba midomo, akautazama mkono wa daktari. "Umeona?" aliniuliza. "Picha inasema kushoto, mwenyewe anasema kulia. Tutamfuata mwenyewe." Alinieleza kwamba kuna mbwa ambao picha zao zinatisha na wanatembea vizuri kwa miaka, na wengine ambao picha zao si mbaya sana lakini wanateseka. Aliyapapasa pia magoti kwa makini, kwa sababu kano ya goti iliyochanika hujificha mara nyingi nyuma ya nyonga mbovu, na mbwa anayeanza ghafla kuunyanyua mguu mmoja asiukanyage kabisa anapaswa kuchunguzwa goti kabla ya nyonga kulaumiwa.

Nilitoka pale nikiwa na swali tofauti na nililoingia nalo. Nilikuwa nimeingia nikiuliza kama atapona.

Majuma sita ya kumpumzisha

Hata hivyo hofu ilinitangulia nyumbani. Niliamua kwamba kiungo kinachouma kinahitaji kupumzishwa, kwa hiyo Jabali hakutembea tena isipokuwa kwenda haja na kurudi. Nilizifunga ngazi, nikaufungia mpira wake kabatini, nikawaomba watu wote wa nyumbani wasimchezeshe. Alilala kwa majuma sita, nami niliamini kwamba nimekuwa mlezi makini.

Tulipoonana tena na daktari, aliyapima mapaja yake kwa utepe, akalinganisha na alichokuwa amekiandika mara ya kwanza, akanyamaza kidogo. Yalikuwa yamepungua zaidi. "Kiungo chake kimelegea tangu utotoni," alisema. "Kilichobaki cha kukishikilia ni misuli, na hiyo misuli tumeilaza."

Alisema "tumeilaza", ingawa niliyeilaza ni mimi. Nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Ndipo nilipouelewa mzunguko ambao laiti ningeuelewa mapema: maumivu humfanya mbwa asiutumie mguu, mguu usiotumika hupoteza misuli, misuli ikipotea kiungo hulegea zaidi, na kiungo kilicholegea huuma zaidi. Kupumzika kabisa kunafaa kwa siku chache maumivu yanapolipuka, lakini kukigeuzwa kuwa mtindo wa maisha hulisukuma gurudumu hilo hilo.

Tukaanza kutembea. Dakika kumi, mara tatu kwa siku, kwenye ardhi tambarare, akiwa amefungwa kamba, kwa mwendo wa polepole kiasi cha kunichosha mimi. Mwendo huo wa polepole una sababu yake: mbwa anapokwenda mbio huweza kuiunganisha miguu ya nyuma na kurukaruka, lakini akitembea taratibu hulazimika kuuweka kila mguu chini kwa zamu na kuubebesha sehemu yake ya uzito. Kila juma tuliongeza dakika chache. Baadaye tukaongeza kilima kidogo cha kupanda, kisha zoezi la kukaa na kusimama, mara tano asubuhi na mara tano jioni, sawasawa na mtu anayejifunza upya kuinuka kitini.

Kanuni iliyotuongoza ilitoka kwa daktari, nayo ndiyo ninayoitumia hadi leo kuliko zote: asubuhi ya kesho ndiyo inayohukumu matembezi ya leo. Akiamka viungo vikiwa vimekaza kuliko kawaida, jana tulizidisha. Na matembezi mafupi ya kila siku yanamfaa kuliko kukaa juma zima kisha kwenda mwendo mrefu siku ya mapumziko, jambo ambalo watu wengi hulifanya kwa upendo mkubwa kabisa.

Tulijaribu pia kuogelea, kwa kuwa maji huubeba mwili na kuiacha misuli ifanye kazi bila uzito kuangukia nyonga. Jabali hakuyapenda maji. Baada ya mara tatu za kumwona akitetemeka katika fulana yake ya kuelea, niliacha, na sijutii.

Mpira kabatini

Kuna jambo moja katika majuma yale ambalo sijawahi kumweleza mtu.

Kila jioni Jabali alikwenda mbele ya kabati na kukaa. Hakubweka wala hakukwaruza mlango. Alikaa kwa kuegemea paja, akanitazama, akaitazama ile kabati, akanitazama tena. Alifanya hivyo kwa takriban majuma matatu, kisha jioni moja hakwenda, wala siku iliyofuata. Nilipaswa kufurahi, na badala yake nilijiuliza swali ambalo halijaniacha tangu hapo: je, ninampunguzia maumivu, au ninampunguzia maisha?

Mpira ulikuwa na hatari ya kweli. Kuukimbilia kwa kasi, kusimama ghafla, kupinda kiuno na kuruka ni mambo yanayokipiga kiungo kilicholegea kuliko karibu kila kitu kingine ambacho mbwa hufanya. Sikuwa nimekosea kuuondoa mchezo ule. Nilikosea kuuondoa na kutoweka chochote mahali pake, kana kwamba mbwa asiyeumwa na asiye na la kufanya ni mbwa mwenye raha.

Jioni moja niliufungua mlango wa kabati, nikautoa mpira, nikamwacha ndani ya nyumba, nikatoka na kuuficha kwenye nyasi ndefu. Kisha nikamfunga kamba na kumwambia atafute. Alisimama. Akainua pua. Tulizunguka uwanja mzima kwa mwendo wa polepole, mwendo uleule wa mazoezi, yeye akinusa kila jani na mkia wake ukiwa umeinuka kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau, na alipoupata aliubeba mdomoni hadi nyumbani kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

Tangu siku hiyo, kila ninapomkataza jambo najilazimisha kutafuta pua, macho au akili yake inaweza kulifanya kwa njia gani nyingine. Si kila jambo lina mbadala. Alipenda kuruka kitandani kwangu, na hilo limekwisha. Sasa mimi ndiye ninayeshuka sakafuni.

Kilo saba

Jabali alikuwa na kilo 41. Daktari aliweka vidole kwenye mbavu zake, akabonyeza, akatafuta mfupa, akaniomba nami nitafute. Mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri hupapaswa kwa urahisi chini ya ngozi bila kubonyeza, na akitazamwa kutoka juu kiuno chake huonekana kimeingia ndani. Kwa Jabali hakukuwa na kiuno. Tulipanga afike 34.

Sehemu hii ilikuwa ngumu kwangu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mapenzi yangu kwake yalikuwa yamezoea kupitia mkononi: kipande hiki mezani, kile jikoni, kingine kwa sababu nimechelewa kurudi. Kumnyima kulinikalia moyoni kama ukatili. Kilichonisaidia ni utafiti mmoja wa Marekani uliowafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador Retriever tangu utotoni hadi kufa kwao. Walipangwa wawili wawili, na katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo ya kile alicholishwa mwenzake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba umri wa kati wa kufa wa waliopunguziwa ulikuwa miaka 13, na wa wenzao miaka 11.2, na uchakavu wa nyonga uliwafika waliopunguziwa kwa kuchelewa na kwa wepesi zaidi. Mbwa wa aina moja, chakula cha aina moja, tofauti ya kipimo tu.

Nilinunua mizani ndogo ya jikoni na kuacha kukadiria kwa kikombe. Vitafunio vilihesabiwa ndani ya chakula cha siku badala ya kuongezwa juu yake, na havikuzidi sehemu moja ya kumi. Alipofika kilo 38 na nusu, yaani baada ya kupoteza kama asilimia 6 ya uzito wake, niliona tofauti katika kuinuka kwake, nikadhani najidanganya kwa kutamani. Baadaye nikajua kwamba watafiti waliowapima mbwa wanene wenye viungo vilivyochakaa walikuta kuchechemea kukianza kupungua katika kiwango hichohicho. Kilo saba zilituchukua zaidi ya miezi mitano, na hakukuwa na dawa wala kifaa kilichomsaidia kuliko hizo.

Kidonge mkononi

Usiku mmoja wa mwanzoni, Jabali aliposhindwa kupata mkao wa kulala, nilisimama jikoni nikiwa na kidonge changu cha ibuprofeni kiganjani. Sikumpa. Sikujua kwa nini sikumpa, nilisita tu. Leo najua kwamba ibuprofeni inaweza kulitoboa tumbo la mbwa na kuziharibu figo zake, na kwamba dawa za maumivu za binadamu, hata zile zinazoonekana nyepesi, hazipaswi kamwe kupewa mbwa bila daktari wa mifugo kusema hivyo. Naandika hili kwa sababu najua saa nane ya usiku inavyokuwa unapomsikia mnyama wako akigeuka na kugeuka.

Kosa langu lilikuwa la upande wa pili. Daktari alimwandikia karprofeni, dawa ya mbwa ya kupunguza maumivu na uvimbe, nami nikampa siku zile tu nilizoona ni mbaya, nikiogopa madhara. Nilifikiri pia, na wazo hili nimelisikia kwa wengi, kwamba maumivu kidogo yatamzuia asijiumize. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimewahi kufanya mazoezi ya mguu unaouma. Dawa, alisema, ndiyo inayomruhusu atembee. Kutembea ndiko kunakojenga misuli. Na misuli ndiyo itakayoturuhusu siku moja kuipunguza dawa. Tulipima damu kuangalia ini na figo kabla ya kuanza kumpa kila siku, tukapima tena baada ya majuma machache, na sasa tunapima kila baada ya miezi sita. Nilifundishwa dalili za kusimamisha dawa na kupiga simu mara moja: kutapika, kukataa chakula, kinyesi cheusi. Nilionywa pia kwamba dawa za kundi hili hazichanganywi zenyewe kwa zenyewe, wala na steroidi.

Baada ya miezi minane kipimo kilipungua. Ipo pia sindano ya kila mwezi ya bedinvetmabu, ya kupunguza maumivu ya viungo, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023, ambayo tumeizungumzia, pamoja na madhara yake, na kuiweka akiba. Mafuta ya samaki anapata, kwa kuwa yana ushahidi unaoeleweka. Kuhusu vidonge vya glukosamini, ushahidi ni mwembamba, na fedha hizo niliona afadhali zinunue mazulia.

Kigae kimoja

Mazulia, kweli. Sakafu yangu ni ya vigae vinavyong'aa, na kwa mbwa asiye na nguvu nyuma, kila hatua juu ya vigae ni jitihada ya kuizuia miguu isitawanyike. Nilitandika vipande vya zulia vyenye mpira chini kutoka kitandani kwake hadi kwenye maji, na kutoka kwenye maji hadi mlangoni. Nikayakata manyoya yaliyomea kati ya vitanga vya miguu yake, nikazipunguza kucha.

Karibu na mlango, vipande viwili havikugusana. Palibaki nafasi ya kigae kimoja. Jabali alifika pale, akasimama, akakitazama kile kigae, akangoja. Sikuelewa hadi siku ya tatu. Niliposogeza zulia, alipita bila hata kutazama chini, nami nikakaa palepale sakafuni nikifikiria ni vigae vingapi alivyokuwa amevivuka kwa miaka yote ile akijikaza, na mimi nikipita juu yavyo na kikombe changu mkononi.

Mengine yalikuwa mepesi. Godoro nene lisilogusa sakafu mwili unapozama. Taulo yenye maji ya uvuguvugu juu ya nyonga kwa dakika kumi asubuhi za baridi, baada ya kuipima kwanza kwenye kifundo cha mkono wangu. Ubao wa kupandia garini, ambao aliukataa hadi nilipoulaza chini kwa majuma mawili akazoea kuupita kama njia ya kawaida. Kwa siku mbaya, kitambaa kipana chini ya tumbo, mbele ya mapaja, nikimbeba nusu ya uzito kama kwa mbeleko.

Ngazi alizozipanda akiwa mdogo

Nilitamani kuiruka sehemu hii.

Jabali alipokuwa na majuma tisa nilimfundisha kupanda ngazi, kwa kumwekea kipande cha chakula kwenye kila kidato. Nilijivunia alivyojifunza upesi. Miaka mitano baadaye nikasoma utafiti wa Norway, uliochapishwa mwaka 2012, ulioonyesha kwamba watoto wa mbwa wa aina kubwa waliotumia ngazi kila siku kabla ya kufikisha miezi mitatu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata displasia, ilhali wale waliocheza huru nje, kwenye ardhi laini, hatari yao ilikuwa ndogo.

Nilimpelekea daktari habari hiyo kama mtu anayejisalimisha. Hakunifariji kwa uongo. Alisema kwamba ugonjwa huu hurithiwa kupitia jeni nyingi, kwamba bila ulegevu ule ngazi peke yake zisingemfikisha hapa, na kwamba ngazi pengine ziliongeza kitu ambacho hakuna awezaye kukipima. Kisha akaniuliza juma hili ametembea dakika ngapi.

Mlango unaofungwa mapema

Sasa narudi kwa mwanamume wa chumba cha kusubiria, kwa sababu kinachonisumbua si kwamba alikosea. Ni umri wa mbwa wake.

Yapo mambo yanayowezekana kwa mbwa mdogo ambayo kwa Jabali yalikuwa yameshapita kabla sijajua kwamba yapo. Kabla ya majuma 20 ya umri, upasuaji mdogo wa kufunga kiungio cha mbele cha fupanyonga unaweza kuufanya mfupa ukue kwa namna inayokifunika vizuri zaidi kichwa cha paja. Kati ya miezi mitano na kumi hivi, ikiwa gegedu bado halijalika, mifupa ya nyonga inaweza kukatwa na kugeuzwa ili tundu la nyonga likishike kichwa cha paja. Na hakuna haja ya kungoja ukubwani ili kujua: njia ya upimaji iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania hupima ulegevu wa nyonga tangu mbwa akiwa na majuma 16. Miezi hiyo ikishapita, kinachobaki ni kuishi na ugonjwa kama tunavyoishi sisi, au, maumivu yakishindikana, kukiondoa kichwa cha mfupa wa paja, njia inayowafaa zaidi mbwa wepesi, au kuweka nyonga bandia. Nyonga bandia tumeifikiria. Mpaka sasa jibu letu ni kungoja, na kila baada ya miezi sita tunajiuliza upya kama tunangoja kwa ajili yake au kwa ajili ya hofu yangu.

Mbwa yule alikuwa na miezi saba, labda minane. Huenda nyonga zake hazina tatizo lolote. Mimi si daktari, na nilimtazama kwa dakika nne. Lakini kama zina tatizo, basi wiki sita nilizozitumia kutafuta maneno ni wiki sita katika mlango ambao haungoji.

Daftari

Nina daftari. Kila asubuhi, kabla sijamwita, nahesabu pumzi zangu tangu Jabali anapoanza kuinuka hadi anaposimama kwa miguu minne. Miaka miwili iliyopita zilikuwa pumzi saba au nane, pamoja na kule kuanza na kuacha ambako mtoto alikuona kabla yangu. Leo zilikuwa tatu. Jana nne, kwa sababu juzi tulikwenda mbali kidogo. Siku mbaya bado zipo, na najua kwamba zitaongezeka. Neno lile la mwaka 1966 halijafutika.

Jumatatu tulikwenda kupima damu. Niliangalia kila kiti. Mwanamume yule hakuwapo, na mhudumu wa mapokezi alinieleza kwa heshima kwamba hawezi kunipa namba yake. Alikubali lakini kuihifadhi karatasi niliyoiandika pale pale, aiweke pamoja na kadi ya mbwa mdogo mwenye masikio makubwa, na kumpa mwenyewe atakapokuja, au kumpigia akipata nafasi. Nilianza kuandika mengi, nikayakata yote. Nikabakiza haya:

"Kaka, asubuhi, kabla hajajua kwamba umeamka, mtazame anavyoinuka. Kisha mweleze daktari ulichokiona, juma hili hili. Wangu naye hakuwahi kulia."